Kabla hujasaini tena: piga hesabu ya jeshi la Marekani mwenyewe, ubaki au utoke

Jamani, huu naandika kwa wenzetu mliomo jeshini Marekani, hasa nyie mlioingia na green kadi na mkataba wa kwanza ndo huo unaelekea kuisha. Najua hali ilivyo, kila ukipita korido mtu anakuuliza "vipi, unasaini?", kaunsela wa mikataba anakupigia, nyumbani nako wanauliza kwani utatokaje kazi ya serikali. Kila mtu ana maoni na hakuna hata mmoja aliyekaa na kalamu akakupigia hesabu. Basi tukae tupige. Mifano ni ya Army kwa sababu ndo naijua vizuri, ila jedwali la mshahara ni moja kwa wote, uwe Navy, Air Force, Marines au kwingine, kinachotofautiana ni sheria za vyeo na bonasi.

Hatua ya 1: Fungua LES yako (karatasi ya mshahara ya kila mwezi) uisome yote, sio ile namba ya chini tu

Watu wengi wanaangalia hela iliyoingia benki tarehe 1 na tarehe 15, basi wameridhika. LES ipo kwenye tovuti ya myPay, ingia uiprinti kabisa uweke mezani. Kushoto kuna unavyolipwa, katikati unavyokatwa, kulia hela ulizoagiza zitumwe sehemu nyingine. Kushoto utaona mshahara wa msingi, huo unapangwa na vitu viwili tu, cheo chako na miaka uliyotumikia, haijalishi kama wewe ni mpishi au fundi wa helikopta. Halafu kuna BAH ambayo ni posho ya nyumba, inategemea kituo ulipo, cheo, na kama una wategemezi au huna. Na BAS, posho ya chakula, kwa wasio maofisa mwaka 2025 ilikuwa dola 465.77 kwa mwezi popote ulipo. Hizi posho mbili hazikatwi kodi, kumbuka hilo maana tutalirudia kwenye hesabu.

Ukikaa bwenini unakula mesi utaona BAS imewekwa kushoto halafu katikati sehemu kubwa imechukuliwa tena kama makato ya chakula. Usiende ofisi ya malipo kugombana, ndo utaratibu wenyewe.

Sasa vitu vya kukagua mstari kwa mstari. Tarehe yako ya malipo, ile inayohesabu miaka ya utumishi, ikikosewa hata kwa miezi michache kila nyongeza ya muda inakuja imechelewa. Hali ya wategemezi, kama umeoa na mke hajaandikishwa DEERS, daftari la familia za wanajeshi, basi kwa jeshi wewe bado kapera. Jimbo la kodi nalo, kuna watu makazi yao ya kisheria bado ni jimbo linalokata kodi ya mapato wakati wameshahamia kweli Texas au Florida ambako hiyo kodi haipo, fomu inaitwa DD 2058, ila lazima uwe umehamia kwa dhati, leseni, kura, makazi, usijaze tu kwa sababu umesikia ni dili. Na SGLI, bima ya maisha, tangu Machi 2023 inaenda mpaka dola 500,000, sasa nenda kaangalie nani ameandikwa mrithi. Unakuta mtu ana mke na watoto wawili na mrithi bado ni kaka yake aliyemuandika siku ya kuingia akiwa na miaka 19!

Hatua ya 2: Uraia kabla ya kitu kingine chochote

Kama bado una green kadi usianze hata kujadili mkataba mpya. Bila uraia hupati kibali cha usalama, bila kibali fani kibao zimefungwa kwako, na uofisa pia haupo. Kwa hiyo utakapokaa kwa kaunsela orodha atakayokufungulia ni fupi kuliko ya mwenzako mwenye alama zilezile. Fomu ni N-400 pamoja na N-426, hiyo ya pili jeshi linathibitisha kwamba utumishi wako ni wa heshima, na ada hulipi. Kitengo kina mtu wa kusaini N-426, kumfuata mpaka asaini ni kazi yako.

Jambo moja wengi hawaambiwi: uraia uliopata kwa njia ya jeshi unaweza kunyang'anywa ukifukuzwa kwa utumishi usio wa heshima kabla hujafikisha jumla ya miaka 5. Yule anayedhani akishaapa uraia basi anaweza kuzingua, ajue hivyo.

Hatua ya 3: Jua unalipwa shilingi ngapi kweli, kwa kipimo cha uraiani

Hapa ndo watu wanapoliwa pande zote mbili, wanaotoka wanadhani uraiani kuna hela zaidi, wanaobaki wanadhani wanalipwa kidogo. Tuchukue mfano tu. Mshahara wa msingi dola 3,300, BAH dola 1,800, BAS 465. Jumla 5,565 kwa mwezi, kwa mwaka ni 66,780. Ila katika kila mwezi dola 2,265 hazikuguswa na kodi, na bima ya afya hulipi hata senti, familia nayo ipo kwenye Tricare, bima ya afya ya jeshi. Sasa kampuni inakupigia inakwambia tunakupa 65,000 kwa mwaka, unaruka juu kwa furaha kwa sababu wewe kichwani una ile 3,300 mara kumi na mbili. Hiyo kazi ya 65,000 inakatwa kodi yote, bima ya familia unachangia kila mwezi kutoka mfukoni, kwa hiyo umeshuka, hukupanda. Ili uwe palepale ulipo unahitaji ofa iliyozidi hapo kwa maelfu kadhaa, na kiasi gani hasa kinategemea jimbo, ukubwa wa familia na bima ya huyo mwajiri.

Kwa mtu wa bwenini asiye na BAH hesabu inageuka, nyumba anapewa bure lakini hana ile hela mkononi, na kwake ofa ya uraiani inaweza kuwa nzuri kweli. Ndo maana sipendi ushauri wa jumla wa "baki" au "toka", sajenti mwenye watoto watatu na private wa bwenini hawako kwenye swali moja.

Ukimaliza hapo weka na masaa. Mshahara ule ule unagawanywa kwa formesheni ya alfajiri, zamu za usiku, wiki tatu porini. Hakuna ovataimu. Hili siwezi kukupigia, wewe ndo unajua nyumba yako inalivumilia vipi.

Hatua ya 4: TSP na pensheni, hapa kaa kitako

Kama uliingia kuanzia tarehe 1 Januari 2018 wewe uko kwenye mfumo wa kustaafu wa BRS, hukuulizwa. Mfumo una vipande vitatu na wengi wanakijua kimoja.

Cha kwanza ni TSP, akiba ya uzeeni. Serikali inaanza kukuwekea asilimia 1 ya mshahara wa msingi baada ya siku 60, hata usipochangia kitu. Ukianza mwaka wa tatu inaanza na kukulinganishia: asilimia 3 za kwanza unazoweka inaweka sawa na wewe, asilimia 2 zinazofuata inaweka nusu. Kwa hiyo ukiweka 5 yenyewe, pamoja na ile 1 ya mwanzo, inaweka 5. Kwa mshahara wa 3,000 unatoa 150 na serikali inaongeza 150 nyingine. Ukiweka sifuri unapata 30 tu, umeacha dola 120 kila mwezi mezani, kwa mwaka 1,440, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Nimeona LES za watu wa miaka mitano ambao waliishusha TSP mpaka sifuri walipokuwa wananunua gari, wakasema watarudisha mwezi ujao, na mpaka leo iko sifuri.

Ile asilimia 1 ya serikali inakuwa yako kabisa ukimaliza miaka miwili, na ile ya kulinganishia ni yako ikishaingia. Ukitoka jeshini unaondoka nazo. Halafu tafadhali, ukitoka usizitoe zote ukanunue gari, maana kwa kijana kuna faini ya asilimia 10 juu ya kodi, ziache palepale au uzihamishie akaunti ya uzeeni ya mwajiri mpya. Ukiwa na cheo cha chini kodi yako ni ndogo, kwa hiyo wengi TSP ya aina ya Roth inawafaa zaidi kuliko ile ya kawaida, kodi unalipa sasa ikiwa ndogo na uzeeni unachukua bila kukatwa.

Cha pili ni pensheni. Miaka 20, unapata asilimia 2 kwa kila mwaka, maana yake asilimia 40. Arobaini ya nini? Ya wastani wa miezi 36 uliyolipwa zaidi, na ni mshahara wa msingi peke yake. BAH haimo, BAS haimo. Mtu anakwambia "nitastaafu na nusu mshahara" huku anafikiria ile jumla yote inayoingia benki, ndugu yangu hapana. Wastani wako ukiwa 5,500 pensheni ni 2,200 kwa mwezi kabla ya kodi. Wale wa mfumo wa zamani wanapewa asilimia 2.5 kwa mwaka, hao ndo wenye nusu, sasa sajenti mkubwa akikusimulia pensheni yake uliza kwanza aliingia mwaka gani. Hata hivyo 2,200 ya kila mwezi maisha yako yote, inayopanda na gharama za maisha, na umeanza kuipokea una miaka 38 au 40, hiyo uraiani huipati kirahisi. Tatizo lake ni kwamba ukitoka mwaka wa 19 hupati kitu, na wengi sana hawafiki 20.

Cha tatu kinasahaulika, malipo ya kuendelea, hutolewa mara moja katikati ya safari kabla hujamaliza mwaka wa 12. Kwa walio active, yaani jeshini muda wote, ni kuanzia mara 2.5 ya mshahara wa msingi wa mwezi, na unajifunga angalau miaka 3 zaidi. Hayaji yenyewe, lazima uombe, na ukivuka miaka 12 hujaomba yamekupita.

Kwa wa Reserve na Guard, wanajeshi wa muda, hesabu ni ya pointi, mwaka mzuri ni pointi 50, na pensheni kwa kawaida inaanza ukiwa na miaka 60.

Hatua ya 5: Bonasi, na ule mkataba wenyewe

Bonasi ya kusaini tena inawekwa pale ambapo fani ina uhaba wa watu. Uhaba ukiisha nayo inaisha, tangazo linatoka wiki hii linabadilika miezi michache mbele, kwa hiyo "jamaa yangu alipewa 30,000" haikusaidii kitu kama fani yake sio yako, cheo sio chako, au alisaini mwaka mwingine. Muulize kaunsela akuonyeshe tangazo linalotumika leo na usome mstari wa MOS (namba ya fani) yako mwenyewe. Angalia pia miaka yako ya utumishi, madaraja ya bonasi yanabadilika ukivuka miaka 6 na ukivuka 10, na wakati mwingine wiki mbili za kusubiri zinakuhamisha daraja, kwa faida au kwa hasara.

Bonasi ya 20,000 haiingii 20,000. Kodi ya shirikisho inakatwa asilimia 22 hapohapo, yaani 4,400 imeondoka, jimbo nalo likiwa na kodi linachukua lake. Na mara nyingi inalipwa kwa mafungu. Isipokuwa ukisaini ukiwa eneo la vita lililotambuliwa, hapo kwa asiye ofisa bonasi haikatwi kodi ya mapato ya shirikisho, ndo maana watu wanasubiri misheni wasaini kulekule. (Ukiwa huko uliza pia kuhusu akiba ya SDP, inalipa asilimia 10 kwa mwaka mpaka dola 10,000, benki gani itakupa hiyo?)

Sasa gawanya. 15,600 iliyobaki kwa mkataba wa miaka 4 ni dola 325 kwa mwezi. Swali lako ni kama 325 kwa mwezi inatosha kubadilisha uamuzi wa maisha yako. Kama ulikuwa unabaki hata bila bonasi, safi, chukua. Kama ulikuwa huwezi kuivumilia hiyo kambi mwaka mmoja zaidi, 325 haitakusaidia.

Na ukishindwa kumaliza muda, au ukipoteza sifa za ile fani kwa makosa yako, ile sehemu ambayo hujaitumikia wanaweza kuidai irudi, na wanaikata kwenye mshahara. Fikiria umeshaiweka yote kwenye lori jipya la riba ya asilimia ishirini na kitu lililopaki nje ya bwenini.

Halafu hela sio kitu pekee cha kuomba, unaweza kuomba kituo unachotaka, shule ya fani mpya, au kubakishwa ulipo bila kuhamishwa kwa muda fulani. Kwa mtu ambaye mke wake ana kazi nzuri mjini, kubakishwa miezi 12 kunaweza kuzidi bonasi. Ila kiwe kimeandikwa. Nasema tena kiandikwe, kwenye karatasi ya mkataba yenyewe au kiambatisho chake, sio kaunsela kakwambia, sio kamanda kaahidi. Kamanda atahama kabla yako. Omba nakala usome siku moja kabla, nyumbani umetulia, anayekuharakisha usaini saa hiyohiyo mwambie asante nitarudi kesho.

Hatua ya 6: Angalia ngazi iliyo mbele yako

Ukibaki unaenda wapi? Jeshi halikuruhusu kukaa cheo kimoja milele, kila cheo kina kikomo cha miaka, ukifika hujapanda unaonyeshwa mlango. Maofisa nao wakirukwa mara mbili kwenye kupanda kwa kawaida safari inaishia hapo. Kwa hiyo kusaini miaka 6 kwenye fani ambayo pointi za kupanda usajenti ziko juu kila mwezi na watu hawapandi, hapo umejifungia. Angalia pointi za MOS yako za miezi kadhaa nyuma, sio za mwezi mmoja. Kama shule ya BLC, ile ya kwanza ya usajenti, bado hujaenda, sukuma upangiwe, maana bila hiyo pointi zako zote hazikupi mistari ya cheo.

Na kuna hela ya lugha. Wewe Kiswahili umezaliwa nacho, jeshi lina posho ya lugha kwa wanaofaulu mtihani. Nenda ofisi ya elimu uliza kama Kiswahili kinalipwa kwenye orodha ya mwaka huu na kwa fani yako, uandikishwe mtihani. Usidharau mtihani eti ni lugha yangu, una kusikiliza habari na kusoma maandishi rasmi, na ukikaa Marekani miaka kumi unaongea Kiswahili cha simu tu alama zinashuka.

Kama wazazi wako unawalea kwa zaidi ya nusu ya matumizi yao, kuna njia ya kuomba watambuliwe kama wategemezi, fomu DD 137-3. Uamuzi sio wa kitengo chako na wanataka ushahidi, risiti za kutuma hela, mapato ya mzazi, kodi ya nyumba anayokaa. Kwa hiyo anza kutunza risiti leo, zile za kumtumia mjomba akampe mama mkononi hazitakusaidia.

Hatua ya 7: Shule, haraka haraka

Ukimaliza miezi 36 ya active una GI Bill ya Post-9/11, yaani serikali kukulipia masomo, kwa asilimia 100, na inakupa miezi 36 ya masomo. Ukitaka kumpa mke au mtoto ni lazima uhamishe ukiwa bado umevaa sare, uwe umeshatumikia miaka 6 na ukubali mingine 4. Ukishatoka mlango umefungwa. Kwa mwenye watoto hii peke yake inaweza kuwa sababu ya kusaini mara ya pili, kuliko bonasi. Na ukiwa ndani soma kwa Tuition Assistance, inalipa mpaka dola 250 kwa krediti moja ya muhula, GI Bill iache imelala.

Hatua ya 8: Ukiamua kutoka

Kwanza jua bado hujatoka kabisa. Ukiingia mara ya kwanza unasaini jumla ya miaka 8, kwa hiyo aliyefanya 4 active ana 4 nyingine za IRR, orodha ya akiba, hulipwi na huendi mazoezini ila jina lako lipo na unaweza kuitwa.

Mpango wa TAP, ule wa kukuandaa kwenda uraiani, uanze angalau siku 365 kabla, na usiufanye kwa kukimbizana mwezi wa mwisho huku bado unapangiwa zamu. Likizo unapata siku 2.5 kwa mwezi, ukiwa na 60 chagua kati ya kuziuza au kuondoka nazo mapema. Ukiuza unalipwa mshahara wa msingi tu, ukizitumia mwishoni unaendelea kupokea na BAH na BAS huku umeshaanza kazi nyingine, kwa wengi hiyo ndo hesabu nzuri. Tricare kwa walio wengi inakatika na utumishi, kwa hiyo bima ya kazi mpya ipange iunganike bila pengo.

Halafu hospitali. Goti, mgongo, masikio, usingizi, kila kitu ulichokuwa unameza vidonge na kurudi formesheni, kiandikishwe kwenye faili lako la matibabu ukiwa bado ndani. Maombi ya fidia ya VA (idara ya waliotoka jeshini) kwa njia ya BDD, ya kuomba ukiwa bado ndani, yanapokelewa kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, ukipitisha hapo unaomba kwa njia ya kawaida na unasubiri zaidi. Na DD-214, karatasi ya kuachishwa jeshi, kabla hujaisaini soma kila kisanduku, tarehe, medali, shule, aina ya kuachishwa, kama kuna kilichokosewa kirekebishwe hapohapo dirishani, maana kurekebisha baadaye ni barua na miezi.